Chris Gayle: mbwembwe tu, au mpigaji wa kweli?

KijanaWaOva

Wakuu, habari za jioni. Nimeanza kufuatilia kriketi juzijuzi tu, na kila nikifungua simu naletewa video fupi za Chris Gayle wa West Indies, ile timu ya nchi za Karibi. Mara kashika gongo la rangi ya dhahabu, mara anacheza Gangnam Style uwanjani, mara anarusha mpira huku kavaa miwani ya jua. Mwenyewe anajiita Universe Boss, na fulana yake ina namba 333. Ninachokiona ni jitu refu limesimama pale pale, halisogezi mguu, linangoja mpira uje liupeleke jukwaani.

Naomba kujuzwa: huyu alikuwa mpigaji kweli, au ni mtu wa maonyesho aliyejaliwa misuli? Maana magwiji wenzake wa West Indies, Brian Lara na Viv Richards, watu wanawataja kwa heshima, ila Gayle wanamtaja huku wanacheka. Na kama alikuwa mkali, nitafute mechi gani niitazame nzima, siyo vipande?

mzee_wa_pedi

Misuli tu, kijana. Fainali ya Kombe la Dunia la T20 (kriketi fupi, ova ishirini kila upande, ova moja mipira sita) mwaka 2012 pale Colombo: mikimbio, yaani alama, 3 kwa mipira 16. Fainali ya 2016 pale Kolkata: mikimbio 4. Fainali ya IPL, ligi ya T20 ya India, 2011: Ashwin, mrushaji wa spini, alimtoa kwenye ova ya kwanza kabisa, hana hata mkimbio mmoja. Mpe spini (mpira wa polepole unaozunguka) mapema, asiwe na mwendo wa mpira wa kuutumia, umemmaliza. Bosi wa ulimwengu upi huo?

Bi_Nukta

Kijana, karibu kwenye mchezo. Mzee wa pedi, shikamoo, wewe nakuja.

Mimi ni mwandika alama. Kwenye klabu nakaa mezani na daftari na penseli za rangi, kila mrushaji na rangi yake, na mpira usiozaa kitu nauwekea nukta. Mechi kubwa za kwenye televisheni huwa naziandika pia nikiwa nyumbani, na watu wa nyumbani wameshazoea kutonisemesha. Nalisema hili kwa sababu Gayle wa kwenye video fupi na Gayle wa kwenye daftari ni watu wawili. Video fupi inakata nukta zote. Daftari halikati kitu.

Chukua ile ya Canberra, tarehe 24 Februari 2015, Kombe la Dunia, West Indies na Zimbabwe. Kumbuka alikuwa anapita kipindi kibaya, miezi mingi hajafikisha mikimbio mia kwenye mechi za siku moja, kiasi kwamba rais wa bodi ya kriketi ya West Indies mwenyewe alikuwa amesambaza mtandaoni ujumbe wa shabiki aliyetaka Gayle apewe kiinua mgongo aende zake. Rais wa bodi, katikati ya Kombe la Dunia! Mwenzake Dwayne Smith akatolewa kwenye mpira wa pili wa mechi. Gayle naye mpira wake wa kwanza ukampiga pedi ya mguu (ukikupiga hapo mbele ya vijiti, unaweza kutolewa), Zimbabwe wakakata rufaa kwenye video, akapona kwa upenyo mdogo sana.

Sasa yule unayemwona kwenye simu angejibu kwa kurusha gongo hovyo. Alichofanya ni kukaa. Mia ya kwanza ilimchukua mipira 105, kwa kipimo chake ni mwendo wa kobe. Ukurasa wangu ulikuwa umejaa nukta na mkimbio mmoja mmoja. Kisha mia ya pili ikamchukua mipira 33. Akaondoka na 215 kwa mipira 147, siksi 16 ndani yake (siksi ni mpira uliovuka mpaka bila kugusa chini), na yeye na Marlon Samuels wakawa wamejenga mikimbio 372 pamoja. Ndiyo mia mbili ya kwanza ya Kombe la Dunia la wanaume. Nasema la wanaume kwa makusudi, kwa sababu Belinda Clark wa Australia alikwishafikisha 229 bila kutolewa kwenye Kombe la Dunia la wanawake mwaka 1997, na watangazaji wana tabia ya kumsahau.

Zile 105 na 33 ndizo jibu langu kwako. Nguvu alikuwa nayo tangu mpira wa kwanza, lakini alikuwa anaiweka akiba.

Kwenye T20 hesabu ni ile ile, imefinywa tu. Kila mrushaji anaruhusiwa ova nne, basi. Kwa hiyo timu lazima itafute warushaji watano kujaza ova ishirini, na timu nyingi wana watatu wazuri, wa nne wa wastani na wa tano wa kuombea dua. Gayle alikuwa tayari kumwachia yule mzuri ova nzima ipite bila mkimbio, kitu ambacho wapigaji wengi wa T20 wanakiona ni aibu. Alijua wa tano atakuja, hawana pa kumficha.

Tazama Bengaluru, 23 Aprili 2013, ile 175 ya IPL, akiwa na timu ya Bengaluru, RCB, dhidi ya Pune Warriors. Siku hiyo hakungoja sana, nakubali: hamsini kwa mipira 17, mia kwa mipira 30. Lakini angalia nini kilitokea kwa waliofuata. Nahodha wa Pune siku hiyo alikuwa Aaron Finch, na Finch ni mpigaji, siyo mrushaji. Warushaji wake wamechapwa mpaka hawataki kuangaliana, akaushika mpira mwenyewe. Ova moja, mikimbio 29. Gayle alimaliza na siksi 17 kwa mipira 66, RCB wakafika 263. Halafu, kama vile hajatosheka, mwishoni akarusha yeye ova moja ya spini na kuchukua wiketi mbili, yaani akawatoa wapigaji wawili.

Kuhusu miguu kutosogea: kweli hakuwa na miguu ya Lara. Ila tazama kichwa. Kimetulia kama kimefungwa. Mguu wa mbele anautoa njiani ili mikono ipate nafasi, gongo linashuka kwa mstari ulionyooka, na mipira mingi inakwenda mbele moja kwa moja juu ya kichwa cha mrushaji. Anayepiga kwa misuli peke yake huupeleka upande mmoja siku zote.

mzee_wa_pedi

Marahaba mwanangu. Maelezo mazuri, ila bado hujanijibu fainali. Ile akiba aliiweka benki gani pale Colombo? Nukta zote zile, akaondoka na 3. Kama siyo Samuels na 78 zake, kombe lilikuwa la Sri Lanka.

Bi_Nukta

Sina cha kubisha hapo. Ukiamua kuanza polepole, kuna siku utatoka kabla hujaifikia riba, na timu inabaki na deni. Samuels alililipa. Siku mbili tatu kabla yake, nusu fainali dhidi ya Australia, Gayle alikuwa amebaki mpaka mwisho na 75 kwa mipira 41, njia ile ile. Na spini ya mkono wa kulia mapema ilimsumbua kweli, Ashwin alilijua hilo kuliko wote. Nikuongezee na jingine ambalo hukulitaja: hakupenda kukimbia. Mkimbio wa pili aliuona kama adhabu, na mwenzake upande wa pili ndiye aliyelipia.

Lakini neno "misuli tu" silikubali, na sababu yangu ipo kwenye fulana yake. Kijana, umeshajiuliza 333 ni nini?

Ni Galle, Sri Lanka, Novemba 2010, mechi ya Test, ile kriketi ndefu ya siku tano. Mwezi mmoja kabla yake alikuwa amekataa mkataba wa bodi, unahodha akapokonywa, akapewa Darren Sammy. Akaenda Galle akiwa mchezaji wa kawaida, akapiga mikimbio 333 kwa mipira 437. Hesabu mwenyewe hizo nukta. Mtu wa misuli tu hawezi kukaa kwenye joto la Galle kwa mipira mia nne na ushee. Na haikuwa mara ya kwanza, maana mwaka 2005 alipiga 317 dhidi ya Afrika Kusini pale Antigua. Waliokwishafika mia tatu mara mbili kwenye Test ni wanne: Bradman, Lara, Sehwag na huyu unayemcheka. Test 103, mikimbio 7,214, mia 15.

Mwezi Desemba 2009 ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu ulimweka Gayle yule na yule kando kwa kando. Adelaide dhidi ya Australia alifungua zamu na akabaki mpaka wote wakatolewa, 165, hajatoka. Mechi iliyofuata ya Test, Perth, mia kwa mipira 70. Mtu yule yule, wapinzani wale wale, mwezi mmoja.

Kinachochekesha (au kukera, inategemea) ni kwamba mwaka huo huo, 2009, alikuwa amefika Uingereza siku mbili tu kabla ya Test ya Lord's, akiwa nahodha, akitokea IPL. Tena akaliambia gazeti kwamba Test ikifa hatahuzunika sana. Wazee wa kriketi walimshukia, na walikuwa na haki. Halafu baadaye, akiwa mfalme wa T20, katika namba zote za dunia akachagua kuvaa mgongoni alama za Test. Mimi huwa naamini mgongo wake kuliko mdomo wake.

KijanaWaOva

Dah, 333 nilidhani ni namba ya bahati. Asante dada. Sasa huo Ubosi ulitoka wapi? Alizaliwa nao au aliutengeneza?

Bi_Nukta

Aliutengeneza, nami nadhani kwa akili kabisa.

Alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1979, mtaa wa watu wa hali ya chini wa Rollington Town, kriketi akajifunzia klabu ya Lucas iliyo jirani. Amesimulia waziwazi umaskini wa kwao. Miaka ya mwanzo kwenye timu ya taifa alikuwa kijana mwembamba, mpole, asiye na maneno mengi. Kisha Novemba 2005, wakiwa kwenye Test pale Hobart, moyo ukaanza kwenda mbio bila mpangilio, ikabidi atoke uwanjani, na baadaye akafanyiwa upasuaji huko huko Australia. Mwenyewe amesema alipoamka aliamua ataishi bila kujibana. Ukijua hilo, ile starehe yake uwanjani unaitazama kwa jicho jingine kidogo.

Lakini Bosi mwenyewe amezaliwa 2011. Mnada wa IPL Januari, hakuna timu iliyomnunua. Aprili akagombana na bodi ya nyumbani kwa mahojiano ya redio, akawekwa nje ya timu ya taifa kwa zaidi ya mwaka. Hana klabu, hana taifa, ana miaka 31. Hapo RCB wakaumiziwa mrushaji wao Dirk Nannes, wakampigia Gayle simu. Mechi yake ya kwanza wakamkutanisha na Kolkata, timu iliyokuwa yake, kwenye uwanja wao wa Eden Gardens. Mia na mbili kwa mipira 55, hajatoka. Wiki mbili baadaye Kochi wakaona ova moja ikizaa mikimbio 37. Alianza msimu kwa kuchelewa na bado akaumaliza akiwa mfungaji bora, mikimbio 608.

Tangu hapo akawa mtu wa kuzunguka: Bengaluru, Melbourne, Dhaka, kila ligi yenye pesa. Mchezaji wa namna hiyo hana bodi ya kumtetea wala mshahara wa mwezi, ana jina lake tu. Universe Boss, gongo la dhahabu, dansi, vyote hivyo ni kibao cha duka, na duka lilikuwa yeye. Na kuna faida ya pili ambayo mwandika alama anaiona: warushaji wachanga walikuwa wanakosea kabla hajawapiga. Mpira unaotakiwa kutua miguuni unatua katikati, kwa sababu mrushaji anamfikiria mtu badala ya mahali pa kutua. Prasanth Parameswaran wa ile ova ya Kochi alirusha mpaka na mpira haramu, na huo nao ulipigwa siksi.

Ila Bosi naye alikuwa na upande ambao siutetei. Januari 2016, Hobart, mtangazaji Mel McLaughlin alikuwa anamhoji kando ya uwanja, akiwa kazini, naye akamtongoza mbele ya kamera na kumwambia asione haya. Timu yake, Melbourne Renegades, ikamtoza dola 10,000 za Australia. Watu waliita utani. Mimi nimekaa mezani kwenye viwanja vingi, mara nyingi mwanamke peke yangu, na utani ule naujua vizuri, unaufanya mchana mzima uliobaki kuwa mrefu. Haki yake nayo niiseme: tuhuma nyingine nzito zaidi zilizoandikwa na magazeti ya Australia muda huo alizipeleka mahakamani, akashinda, akaamriwa kulipwa dola 300,000. Yale ya McLaughlin hayakuhitaji mahakama, yalikuwa hewani.

Juma_Siksi

Mmesahau kwamba huyu bwana sisi wa huku tulimjua mapema! Mia yake ya kwanza kabisa ya mechi za siku moja aliipigia Nairobi, Agosti 2001, mikimbio 152 dhidi ya Kenya. Na kwenye Kombe la Dunia 2003 pale Kimberley akawapiga tena Kenya 119, mwaka ule ule ambao Kenya walifika nusu fainali. Kila alipoiona Kenya alikuwa kama ana deni la 1996, Kenya walipowafunga West Indies pale Pune kwenye Kombe la Dunia, na mechi ile hata hakuwepo!

Bi_Nukta

Juma umenichekesha. 1996 alikuwa bado mtoto wa shule. Ila umesema kweli, na 152 ile ni ya kijana mwembamba niliyemtaja, kabla ya dhahabu.

KijanaWaOva

Basi niambieni nianzie wapi. Nina wikendi nzima.

Bi_Nukta

Canberra 2015 kwanza, yote, na ova kumi za mwanzo usizikimbize. Kisha Johannesburg, 11 Septemba 2007, mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia la T20 la kwanza: 117 kwa mipira 57, mia ya kwanza kwenye T20 ya kimataifa, siksi 10, na bado West Indies wakafungwa kwa wiketi nane. Ile itakuonyesha kwamba siksi ni alama sita tu. Kisha Mumbai 2016 dhidi ya Uingereza, mia kwa mipira 47. Bengaluru 2013 iache mwisho, kwa sababu ukianza nayo nyingine zote zitaonekana baridi.

Kama ukipata Galle, sema hapa. Mimi mwenyewe nina vipande tu.

Na ile ya miwani ya jua uliyoiona ni Abu Dhabi, Novemba 2021, mechi yake ya mwisho ya kimataifa, dhidi ya Australia. Alipiga 15 kwa mipira 9, akainua gongo kuwaaga watu, kisha akarusha na kumtoa Mitchell Marsh, na kwenda kumrukia mgongoni wakicheka wote wawili. Ana miaka 42. Baada ya hapo akasema amestaafu nusu. Nusu!

mzee_wa_pedi

Mimi msimamo wangu ni ule ule, lakini nimwongezee kijana moja, asije akasema wazee wana roho mbaya. Oktoba 2020, IPL ilichezwa Abu Dhabi, Punjab (timu yake wakati huo) na Rajasthan. Siku hiyo alivuka siksi 1,000 za T20, wa kwanza duniani. Akafika 99, Jofra Archer, mrushaji wa Rajasthan, akamvunjia vijiti. Akalitupa gongo kwa hasira likaenda huko, akatozwa faini, lakini kabla hajatoka uwanjani akampa Archer mkono. Alikuwa na miaka 41 na bado mkimbio mmoja unamuuma kiasi hicho. Hiyo ndiyo ya kwake niliyoipenda.

Bi_Nukta

Mzee, hiyo ninayo kwenye daftari. Mipira 63, siksi 8. Nitakupigia picha ukurasa.